Samadi, Tindikali na Zinki ya Shambani

Katika vijiji vya Wahaya mkoani Kagera, kandokando ya Ziwa Viktoria, kuna kibanja na kuna rweya. Kibanja ni shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na maharage, lililolishwa samadi na matandazo kwa vizazi. Rweya ni uwanda wa nyasi unaoanza pale kibanja kinapoishia. Ng'ombe hulishwa huko, nyasi za kutandaza hukatwa huko, na mara mojamoja hulimwa njugu mawe kisha ardhi ikaachwa ipumzike. Mwamba uliozaa udongo wa pande zote mbili ni uleule wa mchanga, na mvua ni ileile, ambayo karibu na ziwa hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Hata hivyo udongo wa rweya una tindikali kali na umekonda, ilhali wa kibanja una tindikali ndogo, mboji nyingi na virutubisho vingi zaidi. Kilichotenganisha ardhi hizo mbili ni ng'ombe, kazi ya mikono na muda.

Naanza na Kagera kwa sababu mambo mawili ya uchambuzi huu, yaani tindikali na samadi, yamekutana pale katika hatua chache za miguu. Swali ni hili: ni nini kinachoufanya udongo wa shambani ushike zinki, na kushika huko humnufaisha mkulima wakati gani? Watu wengi hudhani kwamba udongo ukishika kirutubisho kwa nguvu ndivyo ulivyo bora. Kwa zinki mambo hayaendi hivyo. Udongo unaoiachia kirahisi hupokonywa na mvua, na unaoikumbatia mno huinyima mizizi. Shamba zuri ni lile lililoko katikati, na nitajaribu kuonyesha kwamba samadi ndiyo inayolivuta shamba kuelekea huko, hata pale chokaa inaposhindwa.

Mmea hauhitaji zinki nyingi. Unaihitaji kwa vimeng'enya vyake, kwa kutengeneza protini na kwa homoni ya ukuaji, na mwaka 1926 watafiti Sommer na Lipman walionyesha kwamba mimea mikubwa haiwezi kukamilisha maisha yake bila zinki. Mahindi yakiikosa, majani machanga hutokeza ukanda mpana uliopauka kila upande wa mshipa wa kati, na mmea hudumaa kwa sababu pingili hazirefuki. Mibuni hutoa majani madogo, membamba, yaliyosongamana nchani. Mkulima akiona hivyo mara nyingi huongeza yurea, na yurea haitibu ugonjwa huo.

Tufanye hesabu ya hekta moja, tabaka la juu la sentimita 20. Udongo huo una uzito wa karibu tani 2,400. Udongo mwingi duniani huwa na zinki kati ya miligramu 10 na 300 katika kila kilo. Tukichukua 60, hekta yetu ina kilo 144 za zinki. Tani mbili za mahindi, zenye miligramu 20 kwa kila kilo ya punje, huondoa gramu 40 tu. Kwa hesabu hiyo shamba lingevunwa zaidi ya mara 3,000 kabla ya kuishiwa. Lakini sehemu kubwa ya kilo hizo 144 imefungwa ndani ya madini yenyewe, na mizizi haiwezi kuifikia. Mwaka 1978 wanasayansi Lindsay na Norvell wa Marekani walichapisha kipimo cha DTPA, ambacho maabara nyingi bado hukitumia kukadiria ile sehemu inayoweza kufikiwa. Kipimo kikishuka chini ya miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo, mahindi huwa hatarini. Miligramu moja kwa kilo ni sawa na kilo 2.4 kwa hekta nzima. Na ile zinki iliyoyeyuka katika maji ya udongo kwa wakati wowote mmoja, ambayo ndiyo mizizi huinywa, mara nyingi ni gramu chache tu kwa hekta.

Kwa hiyo shamba lina zinki ya aina tatu: iliyofungwa, iliyoshikwa na iliyoyeyuka. Mmea hula iliyoyeyuka, iliyoshikwa huziba pengo, na iliyofungwa hukaa mamia ya miaka bila kujongea. Kinachoamua jinsi zinki inavyohama kutoka kundi moja kwenda jingine ni tindikali kwanza, kisha mboji, kisha aina ya mfinyanzi na oksidi za chuma zinazoupa udongo wetu rangi yake nyekundu.

Tindikali hupimwa kwa pH. Saba ni katikati, chini yake ni tindikali na juu yake ni hali ya magadi. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni badiliko la mara kumi. Zinki huwa majini kama ayoni yenye chaji chanya mbili, na nyuso za mfinyanzi, oksidi na mboji huwa na sehemu zenye chaji hasi ambazo huidaka. Ayoni za hidrojeni, ambazo ndizo tindikali yenyewe, hugombea sehemu hizohizo. Udongo ukiwa na tindikali kali, hidrojeni huwa zimejaa kama abiria waliowahi viti vya daladala, na zinki hubaki bila pa kukaa. Tindikali ikipungua, viti huachwa wazi na zinki huketi. Katika nadharia ya kemia ambayo Lindsay aliieleza, pH ikipanda kwa hatua moja, zinki huru iliyoyeyuka hupungua kiasi cha mara mia. Mashambani mabadiliko huwa madogo kuliko hayo kwa kuwa mboji iliyoyeyuka hubeba sehemu ya zinki, lakini mwelekeo haubadiliki: shamba la pH 5 lina zinki nyingi majini kuliko shamba lilelile likifikishwa pH 7.

Mtu akisoma hayo anaweza kusema basi tindikali ni rafiki wa mkulima. Kwa muda mfupi ina upande huo. Shida ni kwamba zinki iliyoachiwa haimsubiri mmea. Mvua kubwa ya Machi na Aprili huisukuma chini, na katika udongo wa kichanga hakuna cha kuizuia njiani. Udongo wa mfinyanzi huidaka tena katika tabaka la chini, ila huko mizizi ya maharage na mahindi haifiki kirahisi. Tena pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kuzidumaza ncha za mizizi. Mmea wenye mizizi mifupi minene hauwezi kuitafuta zinki hata kama imeyeyuka pembeni yake. Ndiyo maana katika ardhi kongwe zenye tindikali tunakuta jambo linaloonekana kama kinyume: sehemu ya zinki iliyo huru ni kubwa, lakini jumla yake ni ndogo, na mazao yana njaa. Karne nyingi za mvua zimekwisha kuichukua.

Mwamba nao una neno lake. Miamba ya volkano aina ya basalti huwa na zinki nyingi, mara nyingi karibu miligramu 100 kwa kilo, na mwamba wa mchanga huwa na sehemu ndogo tu ya hiyo. Mkulima wa miteremko ya volkano na mkulima wa Bukoba kule Kagera wanaweza kuwa na pH moja kwenye karatasi ya maabara, na wakawa na akiba tofauti kabisa ya zinki. Anayetoa ushauri kwa kutazama pH peke yake anasoma nusu ya barua.

Tofauti hizi zinaweza kukusanyika katika mteremko mmoja. Mwanasayansi Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, alieleza mwaka 1935 jinsi udongo unavyofuatana kutoka kilimani hadi bondeni kama pete za mnyororo mmoja, na wazo lake, katena, bado hufundishwa duniani kote. Wasukuma walikuwa na majina ya pete hizo tangu zamani: luseni, udongo wa kichanga wa juu, itogolo, wenye tabaka gumu chini, na mbuga, mfinyanzi mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi. Katika luseni zinki ni chache tangu mwanzo, na kinachoishika ni mboji kidogo iliyopo. Katika mbuga zinki inaweza kuwa nyingi, lakini pH hupanda juu ya 7, chembechembe za chokaa ya asili hukaa ndani ya udongo, na zinki hushikwa kwa nguvu mno. Mpunga ukipandwa humo na maji yakasimama, hali huwa ngumu zaidi, kwa sababu udongo uliokosa hewa huifunga zinki kwa njia nyingine tena. Ugonjwa wa mpunga uliojulikana kama khaira kaskazini mwa India uliwasumbua wakulima hadi mtafiti Nene alipoonyesha mwaka 1966 kwamba chanzo chake ni upungufu wa zinki. Mkulima wa luseni na jirani yake wa mbuga wote wawili wanaweza kukosa zinki, kila mmoja kwa sababu iliyo kinyume cha mwenzake.

Hapo ndipo samadi inapostahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu inawafaa wote wawili.

Jambo la kwanza ni kwamba samadi huja na zinki yake. Ng'ombe hula majani, hutumia zinki kidogo, na sehemu kubwa huitoa kwenye kinyesi. Samadi kavu ya ng'ombe wa malisho kwa kawaida huwa na makumi ya miligramu kwa kilo. Tukikadiria 60, tani 5 kwa hekta huleta gramu 300, ambazo ni zaidi ya mara saba ya zile gramu 40 zinazoondoka na tani mbili za punje. Haionekani kuwa nyingi mbele ya kilo 144, lakini gramu hizo 300 zinaingia katika kundi linaloshikwa na kuachiwa, si katika mwamba.

Samadi pia hupunguza tindikali. Ina kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, na asidi-hai zake zikioza hula ayoni za hidrojeni. Vilevile mboji yake huinasa aluminiamu na kuifanya isiwe sumu, hata pale pH isipopanda sana. Katika udongo maskini wa kichanga kazi hiyo hukutana na nyingine: chembe za mboji zina vikundi vya kaboni na oksijeni vinavyoishika zinki vizuri hata kwenye pH ambayo oksidi za chuma zimekwisha kuiachia. Kwa luseni au rweya, mboji ndiyo ghala halisi la zinki. Ikipotea, hakuna kingine.

Lakini samadi haitoi mboji ngumu peke yake. Inapooza hutoa pia vipande vidogo vinavyoyeyuka majini, na vipande hivyo huikamata zinki na kuelea nayo. Kwa hiyo katika shamba lilelile mboji ngumu inaishika zinki, na mboji iliyoyeyuka inaibeba. Watafiti wanaopima kwa njia tofauti hupata majibu yanayoonekana kupingana, mmoja akisema samadi imeongeza ushikaji na mwingine akisema imeongeza zinki inayotembea. Wote wanaweza kuwa sahihi. Kinachoamua ni mahali pa kuanzia. Katika kichanga chenye tindikali, ambamo zinki ilikuwa inapotea, nguvu ya kushika hushinda na shamba hutulia. Katika mfinyanzi mweusi wenye hali ya magadi, ambamo zinki ilikuwa imefungwa, nguvu ya kuibeba hushinda, na tindikali kidogo inayotokana na uozaji karibu na mizizi husaidia kuifungua. Umri wa samadi nao una uzito: samadi mbichi huwa na vipande vingi vinavyoyeyuka, na samadi iliyoiva hushika zaidi na kubeba kidogo. Sijui pembejeo nyingine ambayo mkulima mdogo anaweza kuipata inayorekebisha makosa ya pande mbili kwa namna hii. Chokaa huvuta upande mmoja tu. Salfeti ya zinki huongeza kiasi tu, haigusi tabia ya udongo.

Ushahidi wa muda mrefu tunao hapa nyumbani. Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kuna jaribio lililoanza mwaka 1976 kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi, likilinganisha mbolea za viwandani, samadi na mabua yanayorudishwa shambani, kwa mahindi na maharage. Jaribio hilo liliwekwa kwa ajili ya rutuba na mavuno kwa ujumla, lakini funzo lake linaigusa zinki moja kwa moja. Vipande vilivyopewa naitrojeni na fosforasi ya viwandani peke yake vilianza vizuri, kisha tindikali ikazidi na mavuno yakashuka miaka ilivyopita. Vipande vilivyopata samadi pamoja na mbolea ya viwandani vilidumu. Na kuna tokeo ambalo halisemwi vya kutosha: mboji ilipungua hata katika vipande vya samadi, ila kwa mwendo wa polepole. Jembe na jua la ikweta huila mboji haraka. Anayetia samadi mwaka huu na kuacha mitano ijayo asidhani ghala lake la zinki limejengwa.

Kutoka Ethiopia, Wood na Baudron na wenzao walichapisha mwaka 2018 utafiti wa mashamba ya ngano ya wakulima wadogo, wakaona kwamba mboji ikiwa nyingi zaidi udongoni, punje za ngano huwa na zinki na protini zaidi. Miaka mitatu baadaye Gashu na wenzake walionyesha, kwa sampuli nyingi za nafaka za Ethiopia na Malawi, kwamba kiasi cha zinki katika punje hubadilika kutoka eneo moja hadi jingine, na hali ya udongo ni sehemu ya sababu. Kwa hiyo familia mbili zinaweza kula ugali wa kipimo kimoja na zisipate zinki sawa, kwa sababu ya mahali walikolima.

Sasa chokaa. Magharibi mwa Kenya, kuanzia Kakamega na Vihiga hadi Uasin Gishu, na katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, tindikali imekuwa kilio cha miaka mingi, na matumizi marefu ya DAP na mbolea nyingine za amonia yameiongeza. Kampeni za chokaa ya kilimo zina haki. Aluminiamu inayoua mizizi lazima iondolewe, na kwa kazi hiyo hakuna kinachoishinda chokaa kwa haraka. Ninachokipinga ni kipimo kimoja kwa kila shamba. Kuondoa sumu ya aluminiamu kunahitaji kufikisha pH kama 5.5, au zaidi kidogo kwa maharage. Ukipita 6.5, unaanza kuifunga zinki, na shamba lililokuwa na akiba ndogo tangu mwanzo huingia katika njaa mpya. Udongo wa kichanga hupanda pH haraka kwa chokaa kidogo, kwa hiyo tani 2 kwa hekta zinazofaa mfinyanzi mwekundu zinaweza kuzidi katika kichanga. Brazili waliliona hili katika uwanda wa Cerrado. Ardhi ile kongwe yenye tindikali ilipofunguliwa kwa kilimo kikubwa katika miaka ya 1970, chokaa na fosforasi ziliingia kwa wingi, na upungufu wa zinki ukajitokeza wazi. Waliweka zinki katika ushauri wa kawaida wa mbolea, na leo kule hakuna anayepanga kilimo cha mahindi bila kuihesabu. Sisi tunaanza safari hiyohiyo ya chokaa, na hatuna sababu ya kungoja majani yapauke.

Fosforasi inastahili neno moja. Ikiwa nyingi, mmea hukua haraka na zinki yake huwa nyembamba ndani ya tishu, na kuvu rafiki wa mizizi, ambao huyasaidia mahindi kuifikia zinki ya mbali, hupungua. Mbolea yenye fosforasi nyingi isiyo na zinki, katika shamba lililotiwa chokaa karibuni, ndiyo mchanganyiko ninaouogopa zaidi.

Turudi kwenye samadi, kwa kuwa sifa zake zisitufanye tusahau ilikotoka. Samadi haiumbi zinki. Inaihamisha. Kibanja cha Mhaya kilitajirika kwa sababu ng'ombe walikula rweya mchana na kulala nyumbani usiku, na nyasi za rweya zilibebwa kichwani zikatandazwa chini ya migomba. Rweya ikakonda ili kibanja kinawiri. Mpango huo ulidumu wakati ng'ombe walikuwa wengi na watu wachache. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua mifugo mingi Afrika Mashariki, na katika karne iliyofuata idadi ya watu ilipanda huku ng'ombe kwa kila kaya wakipungua. Vibanja vingi vilidhoofika, na Wahaya wana jina la kibanja kilichochoka, kikamba. Nguvu ya uhamisho huo hudumu kuliko tunavyodhani: kusini magharibi mwa Kenya, katika eneo la Narok, wanaakiolojia walichapisha mwaka 2018 matokeo ya maboma ya wafugaji wa kale, yenye umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700, ambayo udongo wake bado una fosforasi, kalsiamu na magnesiamu nyingi kuliko nyika inayoyazunguka.

Leo ng'ombe mmoja wa kienyeji anayelala zizini humwachia mwenyewe chini ya tani moja ya samadi kavu kwa mwaka. Tani 5 kwa hekta zinahitaji zaidi ya ng'ombe watano, na kaya nyingi za Kagera, Vihiga au Kisii hazina. Ndiyo maana ninasikitika kila ninapoona samadi iliyorundikwa juani bila kifuniko. Naitrojeni hupaa, potasiamu huoshwa, na ingawa zinki haipai hewani, mboji ambayo ingeishika shambani huungua bure. Kibanda cha makuti au turubai kuukuu, na kuchanganya na majani makavu, huokoa sehemu kubwa. Wenye samadi kidogo watafanya vizuri kuiweka kwenye shimo la kupandia kuliko kuitawanya, ili zinki na mboji zikutane mahali palepale mizizi inapoanzia.

Upande wa kuzidi haujatufikia sana, lakini upo. Samadi ya kuku wa kisasa huwa na zinki nyingi kuliko ya ng'ombe, kwa sababu chakula chao huongezewa madini. Ulaya nguruwe wachanga walipewa oksidi ya zinki kwa dozi kubwa kuzuia kuhara, nayo ikaishia mashambani, hadi Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku matumizi hayo ya tiba mwaka 2022. Zinki haiozi. Mwenye bustani ya mboga pembeni ya Dar es Salaam au Nairobi, anayetia mbolea ya kuku kila msimu kwa miaka mingi, inafaa apime, na asiache udongo wake ukachachuka, kwa maana zinki iliyokusanyika kwa utulivu katika pH 6.5 huachiwa kwa wingi pH ikishuka.

Kwa wengi wetu, hata hivyo, tatizo ni upungufu, na mwisho wake uko mezani. Daktari Ananda Prasad alieleza kwa mara ya kwanza, kutokana na wagonjwa aliowaona Iran na kuandika habari zao mwaka 1961, kwamba vijana waliodumaa huenda walikosa zinki katika mlo wa mkate usiotiwa chachu. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011 ulikuta watoto wadogo zaidi ya 8 katika kila 10 wana zinki pungufu mwilini. Ugali wetu una fitati, inayoizuia zinki isinyonywe tumboni, na sembe iliyokobolewa huondoa kiini na pumba ambamo zinki imejaa. Mwaka 2004 WHO na UNICEF walishauri mtoto anayeharisha apewe vidonge vya zinki pamoja na maji ya chumvichumvi, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na nusu yake kwa walio chini ya miezi sita. Zahanati inafanya kazi yake. Serikali za Kenya na Tanzania zimeagiza unga wa viwandani uongezwe virutubisho. Lakini mamilioni ya watu wa vijijini husaga mahindi yao kwenye kinu cha jirani, na kwao shamba ndiyo njia iliyobaki. Majaribio yaliyofanywa pamoja na wakulima wa Zimbabwe yameonyesha kwamba mbolea ya zinki ikitiwa pamoja na samadi au majani ya msituni, punje za mahindi hupata zinki nyingi kuliko mbolea ya viwandani ya kawaida ikitumika peke yake.

Uamuzi wangu ni huu. Chokaa itumike pale pH iko chini ya 5.5, kwa kipimo cha shamba husika, na lengo liwe kuondoa aluminiamu, wala si kufikia saba. Isichanganywe siku moja na samadi mbichi, kwa sababu amonia itapaa. Iachwe wiki chache. Palipo na samadi, itangulie na ilindwe. Pasipo na samadi ya kutosha, na palipotiwa chokaa juu ya kichanga, salfeti ya zinki iongezwe: kilo 5 za zinki kwa hekta, yaani kama kilo 22 hadi 24 za ile salfeti yenye asilimia 21 hadi 23 ya zinki, hutosha misimu kadhaa. Na maabara za udongo, za serikali na za binafsi, ziweke zinki kwenye orodha ya vipimo vya kawaida pamoja na pH, mboji, naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Mkulima anayepewa karatasi isiyo na mstari wa zinki, kisha akaambiwa atie tani mbili za chokaa, ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa. Muulize afisa ugani wako: zinki yangu ni kiasi gani?